Kitabu cha bure, elfu kumi

Mwaka jana mwishoni niliingia kwenye steshenari ya dogo mmoja hapa Mwanga, Kigoma, nikiwa nimefura, yani nimefura kweli, mkononi nina kijitabu cha spairo nilichokikuta kwa mteja, watu wamejaa pale mlangoni wanasubiri kutoa kopi za vyeti, nikamwambia mbele yao we dogo umeniibia kazi yangu. Kava yangu. Picha ya mwembe yangu, niliipiga mwenyewe kwa simu. Hadi ule mstari mweusi wa ukurasa wa 11 ambapo printa yangu ilikuwa inakwaruza, upo vilevile, umetoka na fotokopi. Dogo wala hakubisha. Alinitazama tu akasema, "Kwani braza, hiki kitabu we umekiandika lini?"

Watu wakacheka, nikaondoka. Njia nzima mpaka nafika kwangu natafuta jibu la kumrudishia na silipati.

Ngoja nianzie nyuma. Na mimi nina steshenari, ndogo, printa moja na mashine moja ya fotokopi ya mtumba ambayo karatasi ikikwama lazima uipige kofi ubavuni. Kigoma wageni wapo, wengine wanatoka Gombe kuangalia sokwe, wengine wanasubiri usafiri, na akishafika huku lazima mtu amwambie nenda Ujiji ukaone pale Stanley, yule mwandishi wa habari, alipomkuta Livingstone, mmisionari aliyekuwa anatafutwa, mwaka 1871, chini ya mwembe. (Miembe iliyopo sasa wanasema ni vizazi vya ule wa zamani, kwahiyo hata mti wenyewe ni kopi, ila hayo tuyaache.) Sasa siku moja jamaa mmoja Mtanzania tu, wa Mbeya, alikuja kuprinti tiketi akaniuliza kama kuna kitabu chochote cha ile habari anaweza kununua akasome njiani. Nikamwambia hakuna. Alivyoondoka nikaona hapa kuna hela imepita mbele yangu nimeiangalia tu.

Usiku nikaingia intaneti, dakika tano nyingi, nikakuta kitabu cha Stanley mwenyewe, How I Found Livingstone, kile alichokitoa 1872, kizima, kwenye Project Gutenberg, maktaba ya vitabu vya zamani huko intaneti. Bure. Hujisajili, hulipi, hawakuombi namba ya simu, unabonyeza kinashuka. Kitabu ni kinene balaa, kuanzia Zanzibar na Bagamoyo huko mpaka vita vya Tabora na mtemi Mirambo, mi nikachomoa sehemu za Ujiji tu, nikapanga kwenye kompyuta ikatoka karatasi 40 mbele na nyuma, nikaweka kava, nikafunga spairo, bei elfu kumi. Kwa mwezi nauza vitano, mwezi mwingine vitatu, msimu wa wageni vinafika kumi na mbili. Karatasi, tona, spairo na plastiki ya juu vinakula kama elfu nne, inayobaki ni yangu na Luku.

Kisheria sijaiba kitu na hilo nilishalicheki mapema maana mi ni mwoga wa kesi. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Stanley alikufa 1904. Piga hesabu mwenyewe. Hicho kitabu hakina mwenyewe siku nyingi, ni cha yeyote, we, mimi, dogo wa Mwanga.

Na hapo hapo ndipo nilipojikwaa, maana kama ni cha yeyote, mi nilikuwa nagombea nini pale mlangoni kwa watu?

Lakini kabla ya dogo kulikuwa na mwalimu. Mwalimu mstaafu, mzee wa Ujiji, alifundisha historia na Kiingereza miaka mingi, alinunua kopi moja akaenda nayo. Wiki mbili baadaye karudi, kijitabu kwapani, simu ya mjukuu mkononi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Hiki umeniuzia wewe."

"Ndiyo mwalimu."

"Mjukuu wangu kanitolea kizima hapa. Kwa bando la mia tano, na bando lenyewe limebaki."

Nikaanza kujieleza, karatasi zimepanda, tona, umeme, akanikatisha kwa mkono. "Sikudai hela yangu. Karatasi nimeziona, kazi yako nimeiona. Nisomee hapa." Akafungua ukurasa wa pili, ule niliounakili kutoka kwenye kitabu fulani cha shule kwa sababu niliamini kitabu kisipokuwa nao siyo kitabu. Nikasoma. Haki zote zimehifadhiwa. Hairuhusiwi kunakili, kuchapa wala kusambaza sehemu yoyote ya kitabu hiki bila idhini ya maandishi. Na chini yake jina la steshenari yangu.

Mzee akasema maneno ambayo mpaka leo nikiprinti kile kitabu nayasikia. Akasema, "Babu zetu walimwambia Stanley habari zao bure. Kaenda kwao kaandika, kauza. Haya, miaka imepita, kitabu kimerudi bure, wewe mtoto wa hapahapa umekaa mlangoni unatutoza kiingilio."

Nilikaa kimya. Ungefanyaje?

Sasa nimelifikiria hili jambo muda mrefu na sikubaliani na mzee kwa kila kitu. Kuuza siyo kosa. Maji ya ziwa ni ya nani? Bomba likikata kuna vijana wanashuka na baiskeli wanajaza madumu wanapandisha kile kilima mpaka mlangoni kwako, unamlipa, na sijawahi kusikia mtu anamuuliza kwanini unauza ziwa. Unamlipia kilima. Mtu kama yule wa Mbeya hana muda wa kukaa anachagua sura za Ujiji kwenye kitabu kinene kama tofali, mi namchagulia, namfungia, anakisoma kwenye basi simu yake ikiwa imezima. Hiyo ni kazi na ina bei. Ila yule kijana wa madumu akikuambia ziwa ni lake, au akakuficha kama ziwa lipo wewe uliyeingia mjini jana, hapo sasa kuna jambo jingine. Na mimi nilikuwa nimefanya yote mawili kwa ukurasa mmoja tu, tena wa kunakili.

Halafu kuna walioyachota kabla yangu, hao ndio nilikuwa siwajui kabisa. Niliona tu jina Project Gutenberg nikadhani ni kampuni kubwa ina ofisi na AC. Kumbe ilianza na kijana mmoja Marekani, Michael Hart, chuo kikuu cha Illinois, kapewa muda wa kutumia kompyuta ya chuo, tarehe 4 Julai 1971 akakaa akapiga taipu Azimio la Uhuru wa nchi yao, akaamua litolewe bure kwa yeyote mwenye mashine. Angalia mwaka. 1971. Stanley yuko Ujiji 1871. Miaka mia moja. Hart kafa 2011 na mpaka sasa vimepita vitabu elfu 70, karibu vyote vimeingizwa na watu wa kujitolea, hawalipwi hata vocha.

Na kazi yao nimeionja, siyo kusimuliwa. Kuna kundi linaitwa Distributed Proofreaders, lipo tangu 2000, wao wanasema we soma hata ukurasa mmoja kwa siku inatosha. Nikajisajili kwa aibu tu, kama mtu anayelipa deni. Wanakuwekea picha ya ukurasa wa kitabu cha zamani upande mmoja, upande mwingine maandishi ambayo kompyuta imejaribu kuyasoma kwenye ile picha, kazi yako kulinganisha herufi kwa herufi. Nilipewa ukurasa wa kitabu cha mimea. Mimea! Kompyuta ikiona r na n zimekaa karibu inakuandikia m, ikiona doa la wino inaweka nukta, koma inageuka kuwa kitu kingine, na majina ya Kilatini ndio usiseme. Dakika 25, ukurasa mmoja, macho yanauma, na baada yangu bado kuna mtu mwingine anaupitia, na mwingine. Nikakumbuka kitabu cha Stanley kina kurasa mia saba na kitu. Kuna watu walikaa mahali wakausoma kila mstari ili mimi niupate safi, halafu mimi nikaandika haki zote zimehifadhiwa.

Cha kuchekesha zaidi ni hiki. Kila faili la Gutenberg mwishoni lina maelezo marefu ya leseni, mi nilikuwa nayafuta bila kuyasoma kwa sababu yalikuwa yananilia karatasi. Ubahili tu. Baada ya yule mzee kuja nikakaa nikayasoma, nikakuta wanachosema ni kwamba jina Project Gutenberg ni alama yao ya biashara, ukiuza kitabu kikiwa na jina lao unatakiwa uwape asilimia 20 ya faida, ila ukiondoa jina lao na leseni yote, maandishi yanayobaki ni ya umma, fanya utakavyo, tena wanakukumbusha ukaangalie sheria ya nchi yako. Kwahiyo bila kujua nilikuwa nimefuata utaratibu! Ubahili wangu ulikuwa halali kabisa. Ila unaona ilivyokaa vibaya, njia ya kutolipa ni kumfuta aliyekubebea. Sheria imekuruhusu lakini ukimaliza kufuta unajiona vipi sijui. Wale wenzao wanaosoma vitabu kwa sauti, LibriVox, walioanza 2005, wao ndio kabisa, wanajua kuna watu wanachukua sauti zao wanaziuza na wanasema ruksa, hawataki hata senti. Mtu anakuruhusu umuuze.

Google nao ukishusha kitabu walichoskani, ukurasa wa kwanza wana maelezo yao, wanaomba usikifanyie biashara na usiondoe alama yao. Wanaomba. Siyo sheria, ni kama mtu kakuazima jembe akasema basi usilipeleke mbali. Mi vya kwao sijaviuza, siyo kwamba mi mwema sana, vya kwao ni picha za kurasa na zinakula tona hatari.

Nisieleweke vibaya lakini, kuna watu wakisikia hivi wanafurahi wanasema kumbe vitabu vyote ruksa. Siyo vyote! Kuna magrupu ya WhatsApp humu nipo, mtu anauza riwaya kwa PDF buku mbili, mwandishi yupo hai anaishi Dar na kodi ya nyumba inamdai, huo ni wizi na haufanani na haya ninayosema. Na kuna mitego ya katikati. Shakespeare alikufa 1616, maneno yake ya Kiingereza chukua, uza, funga nayo maandazi. Lakini Juliasi Kaizari iliyotoka kwanza 1963 na Mabepari wa Venisi ya 1969 ni kazi ya Mwalimu Nyerere, kijana aliyesoma hapo jirani Tabora, yeye ndiye aliyakalisha kwenye Kiswahili, na yeye kafariki 1999, ongeza 50. Mpaka 2049 iishe. Kwahiyo mtu anayetoa kopi za Mabepari anasema eti Shakespeare kafa zamani, huyo kamsahau aliyebeba mzigo kutoka Kiingereza kuja huku, na huo mzigo ndio mzito wenyewe.

Hata Amazon wanaouza kila kitu chini ya jua wana sharti. Ukiwapelekea kitabu kisicho na hakimiliki ambacho bure kipo, wanakigomea mpaka uonyeshe umeongeza nini, tafsiri yako, au maelezo yako, au angalau picha kumi zako. Nilivyosoma hilo nikahesabu za kwangu. Moja. Ya mwembe. Ambao ni kopi.

Basi nikabadilisha. Ukurasa wa pili sasa unasema hivi: maandishi haya ni ya Henry Morton Stanley, yalitoka 1872, hayana hakimiliki, unaweza kuyapata bure kwenye intaneti, na yaliingizwa huko na watu wa kujitolea, unachonilipa ni karatasi, wino na kufunga, ukitaka faili uliza tutakurushia kwenye simu bure. Bei nikaishusha elfu saba. Mke wangu alivyousoma akauliza, "Sasa nani atanunua?" na kusema kweli wiki ya kwanza hakununua mtu, vijana walikuwa wanasoma wanasema aah kumbe, rusha. Nawarushia. Kuna mmoja akajifanya mjanja, kachukua faili, karudi baada ya saa moja na flashi kutaka nimprintie, nikamwambia kurasa 80, mia mia, elfu nane, spairo mbali. Akanitazama, akatazama kile cha elfu saba kwenye rafu. Akachukua cha kwenye rafu bila kusema neno.

Kwa dogo nilirudi pia. Haikuwa rahisi, nilipita mara mbili kwanza kama naenda sokoni. Nikamwambia yale ya siku ile yaishe, nikampa faili safi, maana ule mstari mweusi ulikuwa unaniuma kuliko hata hela. Anauza elfu sita, kava yangu kaitoa kaweka picha ya Liemba ambayo haihusiani, meli ya 1913 na kitabu cha 1872, nikamwambia, akasema wateja wanaipenda. Haya.

Sasa hivi niko kwenye jambo jingine ambalo ndilo limenifanya niandike haya yote. Wanafunzi wengi wakija wanashika kile kitabu wanakirudisha, Kiingereza cha 1872 hakisomeki, sentensi moja inaanza asubuhi inaisha jioni. Nikasema niitafsiri ile sehemu ya Ujiji mwenyewe. Nilianza kwa kuitupia mashine ya kutafsiri ikanitolea Kiswahili ambacho wapagazi wanaongea kama wanasoma taarifa ya habari, nikafuta, nikaanza kwa mkono, usiku nikishafunga, kurasa mbili tatu. Na hiyo ikiisha nitaandika haki zote zimehifadhiwa na safari hii nitaandika nikiwa nimekaa vizuri.

Rasimu nikampelekea yule mwalimu wa Ujiji aipitie. Kakaa nayo mwezi. Juzi kaileta, jamani, kaipiga kalamu nyekundu kila upande. Stanley kaandika Malagarazi, mi nikaiacha hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo kitabuni, mzee kakata kaweka Malagarasi na alama tatu za kushangaa. Lakini siyo kusahihisha tu. Pembeni, kwa ule mwandiko wa walimu wa zamani, kajaza mambo yake: sehemu hii Stanley anayoisema sokoni ni upande huu, hapa maji yalikuwa yanafika ziwa lilipokuwa limejaa, hapa bibi yangu alinisimulia vingine, hapa mwongo huyu. Kuna ukurasa maandishi yake ni mengi kuliko ya Stanley. Nilisoma nimesimama, mteja ananiita sisikii.

Nikamwambia mwalimu, hizi za pembeni tuziweke kitabuni, ndio kitabu chenyewe hiki.

Akavaa miwani yake taratibu, akafungua ukurasa wa pili, akausoma mpaka mwisho. Halafu akaniuliza, "Na hizi zangu, utawaambia watu ni za bure?"

Nimemwambia anipe mpaka Jumamosi.